Hieroglifi za Misri na Msomaji wa Mbulu

Hieroglifi, yaani maandishi ya picha yaliyochongwa na kupakwa rangi kwenye kuta za mahekalu na makaburi ya Misri ya kale, ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa kutungwa na binadamu, na kwa zaidi ya miaka 3,500 yalitumika kuhifadhi hesabu za ghala, amri za wafalme, mafundisho ya maadili na, kwa wingi kuliko yote, maneno ya ibada. Kwa muda mrefu elimu ya kuyasoma ilikuwa mali ya vyuo vikuu vichache vya Ulaya, lakini tangu nusu ya pili ya karne ya 20 imeingia pia katika madarasa ya jumuiya, ambamo watu wa kawaida, wengi wao wenye asili ya Afrika, hukutana nje ya saa za kazi kujifunza alama moja baada ya nyingine, si kwa ajili ya cheti bali kwa ajili ya kuilisha roho na kuujua urithi wa bara lao.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mahali kama Maretadu, kata iliyoko wilayani Mbulu, mkoani Manyara, ambako lugha ya nyumbani kwa watu wengi ni Kiiraqw. Wanaisimu, yaani wataalamu wanaochunguza miundo na historia ya lugha, hukiweka Kiiraqw na lugha ya Mafarao katika familia moja, ijapokuwa undugu wenyewe ni wa mbali sana. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba darasa la kiroho la hieroglifi huzaa matunda pale tu linapozichukua alama hizo kuwa maandishi ya lugha iliyosemwa na watu, yenye sauti na kanuni zake, na kwamba msomaji aliyelelewa katika Kiiraqw ana mtaji wa kuanzia ambao wanafunzi wengi wa somo hili duniani hawana.

Maandishi yenyewe na namna yanavyofanya kazi

Wamisri waliyaita maandishi yao "maneno ya mungu" na kuamini kwamba yalitoka kwa Thoth, mungu wa hekima na uandishi, nao Wagiriki waliofika baadaye wakayaita michongo mitakatifu, jina ambalo ndilo asili ya neno hieroglifi. Mifano ya mapema kabisa imepatikana Abydos, kusini mwa Misri, katika kaburi ambalo timu ya mchimbuaji wa mambo ya kale Günter Dreyer ilianza kulichimbua mwaka 1988, ambamo vibao vidogo vya mfupa na pembe za ndovu vya takribani mwaka 3200 KK vilikuwa na alama zinazoonekana kutaja mahali zilikotoka bidhaa. Maandishi ya mwisho yenye tarehe yalichongwa katika hekalu la kisiwa cha Philae, karibu na Aswan, tarehe 24 Agosti mwaka 394 BK. Kati ya nyakati hizo mbili kulikuwa pia na miandiko ya haraka iliyoandikwa kwa wino juu ya mafunjo na vigae, kwanza hieratiki na baadaye demotiki, ambayo ndiyo iliyotumiwa katika shughuli za kila siku.

Lugha ya kipindi kinachofundishwa zaidi madarasani huitwa Kimisri cha Kati, nayo ilitumia alama zipatazo 700 hivi. Wingi huo humtisha mwanafunzi mpya, lakini hofu hupungua anapogundua kwamba alama zote hugawanyika katika kazi tatu tu. Kazi ya kwanza ni kuwakilisha neno zima, kama vile mchoro wa jua unaposimama kwa maana ya jua lenyewe. Ya pili ni kuwakilisha sauti: zipo alama zinazobeba konsonanti moja, nyingine mbili na nyingine tatu, na katika kundi la konsonanti moja zimo alama 24 ambazo kila darasa huanza nazo, mathalani bundi kwa m, mdomo kwa r, mstari wa maji yenye mawimbi kwa n na kifaranga cha kware kwa w. Ya tatu ni ya vibainishi, yaani alama zisizotamkwa, ambazo huwekwa mwishoni mwa neno kumwonyesha msomaji neno hilo ni la kundi gani la maana.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi zote tatu. Mchoro wa nyumba, ambao ni mstatili ulioachwa uwazi upande wa chini mithili ya ramani ya chumba chenye mlango, una konsonanti mbili, p na r. Ukiandikwa na kijistari kimoja chini yake, unasimama kwa kile kinachoonekana, yaani nyumba. Mchoro huohuo ukifuatwa na mdomo, ambao ni r, na kisha miguu miwili inayotembea, haumaanishi nyumba tena bali kitenzi cha kutoka nje: nyumba imeazimwa kwa sauti zake tu, mdomo umewekwa kuthibitisha kwamba konsonanti ya pili ni r, na miguu ni kibainishi cha mwendo ambacho hakitamkwi hata kidogo. Mwanafunzi aliyeuelewa mfano huu amekwisha kuvuka kizingiti kilichowashinda wasomi wa Ulaya kwa karne nyingi, kwa maana ameona kwamba picha inaweza kusomwa kwa sauti yake bila kuhusika na kitu inachokionyesha.

Mambo mawili zaidi yanahitaji kujulikana mapema. Kwanza, irabu hazikuandikwa, kama ambavyo maandishi ya kawaida ya Kiarabu huziacha irabu fupi, na kwa hiyo matamshi halisi ya maneno mengi hayajulikani kwa ukamilifu. Madarasa hutia sauti ya e kati ya konsonanti ili neno litamkike, ndipo nyumba husomwa "per". Pili, maandishi yaliweza kwenda kulia au kushoto, ingawa desturi ilikuwa kuanzia kulia, na msomaji hutambua mwanzo kwa kuangalia nyuso za watu na wanyama, kwa kuwa viumbe wote katika mstari hutazama upande ambako usomaji unaanzia.

Kosa lililodumu karne nyingi

Maarifa ya kusoma hieroglifi yalipotoweka pamoja na makuhani wa mahekalu, nafasi yake ilichukuliwa na dhana. Kitabu kilichohusishwa na mwandishi aliyeitwa Horapollo, ambacho nakala yake ilipatikana katika kisiwa cha Andros mwaka 1419 na kusomwa sana Ulaya, kilieleza kila alama kuwa fumbo la falsafa. Kwa mujibu wake, Wamisri waliandika neno mwana kwa mchoro wa bata kwa sababu ndege huyo huwapenda mno watoto wake. Maelezo hayo yanapendeza, na kwa kweli ndege wa jamii ya bata ndiye aliyetumika katika neno hilo, lakini sababu ilikuwa ya sauti tu: jina la ndege huyo na neno mwana vilikaribiana kwa sauti. Padri Mjesuiti Athanasius Kircher, aliyeishi kati ya 1602 na 1680, alifuata njia hiyohiyo ya mafumbo na kutoa tafsiri ndefu za minara ya Misri iliyoko Roma ambazo leo hakuna hata moja inayokubalika, ingawa alitoa mchango mmoja wa kudumu, nao ni kutambua kwamba Kikopti, lugha ya Wakristo wa Misri, kilikuwa na uhusiano na lugha ya kale.

Ufunguo ulipatikana mwezi Julai 1799, wakati askari wa Ufaransa walipokuwa wakijenga ngome karibu na mji wa Rashid na kukuta jiwe lenye amri moja ya makuhani wa mwaka 196 KK, iliyoandikwa kwa hieroglifi, kwa demotiki na kwa Kigiriki. Jiwe hilo, linalojulikana kama Jiwe la Rosetta, lina uzito wa kilo 760 hivi na limekuwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza tangu 1802. Mwingereza Thomas Young alipiga hatua za kwanza kwa kusoma jina la mfalme Ptolemaio lililozungushiwa duara refu la heshima, lakini aliyefungua mlango kabisa ni Mfaransa Jean-François Champollion, ambaye tangu ujana wake alikuwa amejifunza Kikopti kwa bidii. Mwaka 1822 alilitazama jina moja la kifalme lililoanza na mchoro wa jua, akakumbuka kwamba jua kwa Kikopti ni "re", na alama zilizofuata zikampa jina la Ramses. Tarehe 27 Septemba mwaka huo matokeo yake yalitangazwa Paris.

Historia hii ni ya kuzingatiwa na kila jumuiya ya imani inayotaka kujifunza hieroglifi. Waliozitazama alama kama siri zinazofunuliwa kwa tafakuri peke yake walipotea kwa muda wa karne nyingi, wakati yule aliyekubali kuketi na kujifunza Kikopti, lugha iliyotokana na ile iliyoandikwa kwa alama hizo, alizisoma. Kutafakari kuna mahali pake, ila hufuata baada ya kusoma.

Kutoka Nyumba ya Uzima hadi madarasa ya jumuiya

Katika Misri yenyewe, kusoma na ibada vilikaa chini ya paa moja. Mahekalu makubwa yalikuwa na idara iliyoitwa Per Ankh, yaani Nyumba ya Uzima, ambamo waandishi walinakili vitabu vya ibada, tiba na elimu ya nyota, na jina lake liliandikwa kwa mchoro uleule wa nyumba ukiungana na ankh, alama yenye umbo la msalaba wenye kitanzi juu ambayo maana yake ni uzima. Wanafunzi wa uandishi walianza na mwandiko wa haraka wa hieratiki, wakinakili maandiko yaleyale ya mafunzo mara nyingi juu ya vigae na vipande vya mawe, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamekusanya maelfu ya vipande hivyo katika kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina pekee.

Lugha yenyewe haikufa pamoja na mahekalu. Wakristo wa Misri waliiandika kwa herufi za Kigiriki, wakaongeza herufi sita au saba kutoka demotiki kwa sauti ambazo Kigiriki hakikuwa nazo, na Kikopti hicho bado husikika katika ibada za Kanisa la Kiorthodoksi la Kikopti. Kanisa hilo limekuwapo pia Afrika Mashariki tangu mwaka 1976, Papa wa Wakopti, Shenouda III, alipomweka Antonius Markos kuwa askofu wa masuala ya Afrika, naye akajenga kazi yake nchini Kenya, ambako jina la Wakopti leo linajulikana na wengi kupitia hospitali yao iliyoko Nairobi. Waumini wanaojifunza maneno ya Kikopti ili kuifuata liturujia wanatumia hatua ya mwisho ya lugha ileile iliyochongwa kwenye mahekalu, na hiyo ndiyo jumuiya ya kiroho iliyo karibu zaidi na Manyara ambamo sauti ya Misri ya kale haijawahi kukatika.

Mkondo wa pili wa kujifunza, baada ya huo wa Wakopti, ulitokana na mwamko wa Waafrika. Mwaka 1974, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Cairo, Cheikh Anta Diop wa Senegal na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville walitetea kwa hoja za isimu na historia kwamba Misri ya kale ni sehemu ya Afrika na ichunguzwe hivyo. Nchini Marekani, Maulana Karenga, ambaye mwaka 1966 alianzisha sikukuu ya Kwanzaa na kuzipa nguzo zake saba majina ya Kiswahili kama vile Umoja, Ujamaa na Imani, alichapisha mwaka 1984 mkusanyiko wa maandiko ya maadili ya Misri yaliyotafsiriwa upya kwa ajili ya vikundi vya mafunzo, jambo linaloonyesha kwamba katika fikra za Waafrika walioko ng'ambo Kiswahili na hieroglifi vilikwisha kuwekwa meza moja. Mwandishi wa Ghana Ayi Kwei Armah, aliyefundisha katika chuo cha ualimu cha Chang'ombe, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, baadaye aliishi Popenguine nchini Senegal, ambako yeye na wenzake waliipa shirika lao la uchapishaji jina la Per Ankh; riwaya yake ya mwaka 2002, KMT, inahusu walimu na waandishi wanaohangaikia kuurudisha usomaji wa maandishi hayo mikononi mwa Waafrika.

Mtaji wa Kiiraqw

Eneo la Mbulu na Hanang ni la kipekee barani, kwa kuwa ndani ya mwendo wa siku chache kwa miguu hukutana makundi manne makubwa ya lugha: Kiiraqw, ambacho ni cha tawi la Kikushi, Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti, lugha za Kibantu kama vile Kinyiramba, na Kihadzabe cha bonde la Yaeda, ambacho kina sauti za kidoko na hakijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Kiiraqw, pamoja na Kigorowa cha Babati na Kialagwa na Kiburunge vya upande wa Kondoa, ni kituo cha kusini kabisa cha lugha za Kikushi, ambazo zinazojulikana zaidi kati yake ni Kisomali na Kioromo.

Tawi la Kikushi, kwa upande wake, liko ndani ya familia ambayo mwanaisimu Joseph Greenberg aliieneza kwa jina la Kiafro-Asia, na ambamo yamo pia matawi ya Kisemiti yenye Kiarabu, Kiebrania na Kiamhari, Kiberber cha Afrika ya Kaskazini, Kichadi chenye Kihausa, na Kimisri. Wanaisimu wengi hukisia kwamba lugha-mama ya familia hii ilisemwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Diop mwenyewe alipendelea kukilinganisha Kimisri na Kiwolofu cha kwao Senegal, na Obenga aliikataa familia ya Kiafro-Asia, lakini wataalamu walio wengi wanaendelea kukiweka Kimisri mahali hapo, na hilo humweka msomaji wa Mbulu katika nafasi njema.

Faida ya kwanza ni ya sauti. Alama ya mkono, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, inawakilisha sauti inayobanwa kwenye koromeo ambayo Waarabu huiita ain, na alama ya utambi uliosokotwa inawakilisha h nzito inayotoka palepale. Mwanafunzi wa London au wa Dar es Salaam huzipuuza sauti hizi kwa sababu lugha yake haina, na vitabu vingi humruhusu kusoma mkono kama a tu. Msemaji wa Kiiraqw anazo zote mbili tangu utotoni, na maandishi ya lugha yake huzionyesha: ya kwanza kwa mstari wa mshazari, /, na ya pili kwa hh, kama katika neno hhawata, mwanamume. Vivyo hivyo q, ambayo Wamisri waliichora kwa mteremko wa kilima, na kh ya kooni, ambayo Kiiraqw huiandika kwa x, hazimpi taabu.

Faida ya pili ni ya sarufi. Katika Kimisri, maneno nyumba yako huandikwa kwa namna mbili: yakielekezwa kwa mwanamume, mchoro wa nyumba hufuatwa na kikapu chenye mshikio, ambacho ni k, na yakielekezwa kwa mwanamke hufuatwa na kamba ya kufungia mnyama, yenye sauti iliyo karibu na ch. Mtu anayejua Kiswahili na Kiingereza pekee hulazimika kuizoea tofauti hiyo, kwa kuwa lugha zake hazina, lakini katika Kiiraqw mwanamume huambiwa kuung na mwanamke kiing, na mtoto mdogo hakosei. Kimisri hutia t mwishoni mwa nomino za kike, kwa mfano sen, kaka, na senet, dada. Kiiraqw nacho huzitambulisha nomino za jinsia ya kike kwa r au t zinapounganishwa na maneno mengine. Hata kiwakilishi cha nafsi ya kwanza, ambacho ni aning kwa Kiiraqw, kinafanana na ana ya Kiarabu, aniga ya Kisomali na inek ya Kimisri kwa namna ambayo wanaisimu huihesabu kuwa ni urithi wa pamoja.

Hata hivyo, mipaka ya undugu huu ni lazima iheshimiwe. Kiiraqw hakikutokana na Kimisri, bali lugha zote mbili zilitokana na asili moja ya kale mno, na Kiiraqw kina sauti kama sl na tl ambazo hazina alama zake katika hieroglifi. Wala hakuna ushahidi kwamba Wairaqw waliwahi kuishi kando ya Mto Nili wa Misri. Simulizi zinazovuma kwamba walitoka Mesopotamia, na ambazo mara nyingi hutegemezwa juu ya kufanana kwa jina lao na nchi ya Iraq, hazipati nguvu kutoka katika lugha yao, ambayo inaelekeza kwenye Pembe ya Afrika, na wanahistoria wengi huwahusisha wasemaji wa kwanza wa Kikushi katika Tanzania na wafugaji waliofika kutoka kaskazini yapata miaka 3,000 iliyopita. Urithi wa kweli unatosha kumpa mtu fahari bila kuongezewa chumvi.

Chakula cha roho kilichomo ndani ya maandishi

Kwa jumuiya ya Kikristo, na walio wengi Mbulu ni Wakatoliki na Walutheri, darasa kama hili halidai mtu aache imani yake, bali humsaidia kuisoma Biblia kwa macho mapya. Jina Farao ni maneno mawili ya Kimisri, per aa, yaani nyumba kubwa, likianza na mchoro wa nyumba ambao mwanafunzi aliujua tangu siku ya kwanza na kufuatiwa na nguzo iliyolazwa, ambayo husomwa aa, kubwa. Lilikuwa jina la ikulu kabla halijawa cheo cha mfalme. Jina la Musa wataalamu wengi hulihusisha na ms, zaa, lililomo pia katika Ramses.

Kuna pia jiwe la mfalme Merneptah, la takribani mwaka 1208 KK, ambalo mchimbuaji wa mambo ya kale Flinders Petrie alilivumbua huko Thebes mwaka 1896 na ambalo lina mojawapo ya kutajwa kwa mapema kabisa kwa Israeli nje ya Biblia. Miji iliyotajwa karibu na jina hilo imewekewa kibainishi cha milima, ambacho huonyesha nchi ya kigeni, lakini baada ya jina Israeli mwandishi aliweka mwanamume, mwanamke na vistari vitatu vya wingi, na kwa alama hizo zisizotamkwa akamjulisha msomaji kwamba alikusudia watu, si nchi. Muumini anayekiona kibainishi hicho kwa macho yake na kukielewa amepata kitu ambacho hotuba ndefu isingempa.

Kwa upande wa maandiko ya Wamisri wenyewe, ya kale zaidi katika kundi la ibada ni yale yaliyochongwa ndani ya piramidi ya mfalme Unas huko Saqqara yapata mwaka 2350 KK. Sehemu zake nyingi hutanguliwa na maelekezo kwamba maneno yanayofuata yanapaswa kusemwa kwa sauti, kwa kuwa Wamisri waliamini kwamba sala iliyoandikwa hukamilika inapotamkwa. Kitabu cha Wafu, kilichotungwa baadaye na kuandikwa juu ya mafunjo, kina sura ya 125 ambamo moyo wa marehemu hupimwa katika mizani dhidi ya unyoya wa Maat, ambaye ni ukweli, haki na utaratibu wa ulimwengu kwa pamoja, huku marehemu akikana makosa 42 ambayo mengi ni ya ujirani: kuiba, kusema uongo, kupunja vipimo, kuwaliza wengine.

Mzee wa Kiiraqw hahitaji maelezo marefu kuhusu neno la ibada lenye nguvu linapotamkwa. Slufay, dua ndefu ya kishairi ambayo mzee huitongoa mbele ya mkutano huku hadhira ikiitikia, huomba amani, mvua, afya ya watu na ya mifugo, na katika dini ya jadi mungu Looaa, aliyehusishwa na jua, alitajwa kwa heshima ya mzazi wa kike, wakati Wamisri walimwona Ra, jua lao, kuwa baba na mfalme. Tofauti hiyo ni muhimu kama ulivyo mfanano, kwa maana darasa lenye uaminifu huweka mambo mawili kando kwa kando ili kila moja lionekane vizuri, bila kulazimisha moja liwe mtoto wa jingine.

Namna ya kuliendesha darasa

Jumuiya inayotaka kuanza haihitaji mali nyingi. Vitabu vya msingi vipo, kuanzia sarufi kubwa ya Alan Gardiner iliyochapishwa kwanza mwaka 1927, ambayo orodha yake ya alama zilizopangwa kwa makundi ya herufi bado hutumika duniani kote, hadi kile kifupi cha Mark Collier na Bill Manley cha mwaka 1998, kilichotungwa kwa ajili ya wasio wataalamu. Vyote viko katika Kiingereza, na kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kutayarisha maelezo ya Kiswahili. Tangu mwaka 2009 alama 1,071 za hieroglifi zimo katika mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, hivyo simu nyingi za kisasa zinaweza kuzionyesha. Hata bila simu, ubao, chaki na daftari la mistari vinatosha, kwa sababu mkono ndio unaofundisha jicho.

Mpangilio unaofaa ni kuanza na zile alama 24 za sauti moja, kila moja ikichorwa na kutamkwa na wote kwa pamoja, na hapo wasemaji wa Kiiraqw watawasaidia wenzao wa makabila mengine kuzipata sauti za koromeo. Kisha hufuata zoezi la kutafuta mwelekeo wa maandishi kwa nyuso za viumbe, na baadaye alama za konsonanti mbili na vibainishi, vikifundishwa ndani ya maneno, kamwe si kwa orodha peke yake. Matini ya kwanza kusomwa nzima kwa kawaida ni ile dua ya sadaka iliyochongwa juu ya maelfu ya mawe ya makaburi, inayomwombea marehemu mkate, bia, nyama ya ng'ombe na ya ndege, kwa kuwa maneno yake hurudiwa karibu vilevile kila mahali, na aliyeisoma mara moja anaweza kuitambua katika picha ya jiwe lolote lililoko makumbushoni. Anayekutana na wenzake mara moja kwa wiki asitarajie kusoma hadithi ndefu kabla ya mwaka kupita, na ni haki aambiwe hivyo tangu mwanzo.

Jambo la kuepukwa kwa nguvu zote ni biashara ya siri. Mtu anayejitokeza kuuza maana zilizofichwa, hirizi zenye michoro au uponyaji kwa alama ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzitamka, anarudia kosa la Horapollo na kuongeza juu yake madhara kwa wagonjwa na maskini. Kipimo cha mwalimu ni chepesi: aweze kuonyesha katika kila neno ni alama ipi inayotamkwa, ni ipi inayothibitisha sauti na ni ipi iliyo kibainishi, na akubali kuulizwa maswali mbele ya wote.

Kazi ya mwisho ya darasa la namna hii inapaswa kurudi nyumbani. Kiiraqw kimekwisha kufanyiwa sarufi na mwanaisimu Maarten Mous mwaka 1993, na kamusi yake ya mwaka 2002 ilitayarishwa na Mous huyohuyo pamoja na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Roland Kießling. Hata hivyo, shuleni watoto wa Mbulu husoma kwa Kiswahili na Kiingereza, na slufay nyingi bado ziko vinywani mwa wazee tu. Maneno ya Unas yamedumu miaka zaidi ya 4,000 kwa sababu kulikuwa na watu walioona kwamba sala ya watu wao inastahili kuandikwa kwa usahihi, sauti kwa sauti. Wanafunzi watakaojizoeza usahihi huo juu ya maandishi ya Misri watakuwa na ujuzi wote unaotakiwa kuketi na wazee wa Maretadu, kurekodi dua zao kwa idhini yao, kuziandika kwa / na hh zake bila kupunguza, na kuzikabidhi kwa parokia, usharika na shule, mahali ambapo watoto wanaweza kuzisoma.